Dawa ya Mgeni wa Chausiku

Mshale wa mizani ulikataa kutulia. Chausiku kapanda mara ya kwanza, ratili tisini na mbili. Mumewe, Pazi, akamshusha, akampandisha tena: mia na hamsini. Mara ya tatu, tisini na mbili.

"Mizani imezeeka hii," Pazi akasema.

Basi huyu Pazi alikuwa dresa hospitali pale Morogoro, miaka ya hamsini na kitu, na kazi yake kumlaza mgonjwa usingizi kabla ya kisu. Dawa ile haikisiwi. Unampima mtu uzito, ndipo unajua uvute kiasi gani kwenye bomba la sindano. Ikipungua, ataamka mpira wa pumzi uko nusu kooni. Ikizidi, haamki tena. Na Chausiku uvimbe wa rovu umemkaba shingo, akilala chali anakoroma kama mtu anayenyongwa. Asipokatwa, mwezi haumaliziki naye.

Mama yake, Bi Hidaya wa Bigwa, akamvuta mkwewe pembeni. "Baba, umempima bila kumpigia hodi mwenzake? Mtu mwenye mgeni kichwani hapimwi hivi hivi. Miaka kumi namfukizia udi yule bwana atoke, na kwenye shingo hiyo ndipo alipojenga."

"Mama, huyo mgeni wako hana ratili." Pazi akacheka, akaandika tisini na mbili.

Saa nne asubuhi, jua linawaka, Chausiku yuko mezani. Pazi akaisukuma dawa mshipani polepole, mpaka kipimo kikaisha. Mkewe anamtazama tu. Hapepesi.

"Bado?" Daktari akauliza.

"Bado, bwana."

Ndipo ikaja harufu ya udi, mle mle chumbani mlimodekiwa kwa dawa tangu alfajiri, na koo la Chausiku likanong'ona kwa sauti nzito ya mzee wa kiume: "Hiyo nimekunywa mimi. Na yeye mpe yake."

"Anaweweseka," Daktari akasema. "Ongeza!"

Pazi, jasho linamwingia machoni, akaongeza, akaongeza tena, mpaka ikatimia dawa ya mtu wa ratili mia na hamsini. Macho yakafumba. Taya likalegea, mpira wa pumzi ukapita. Lakini kisu kilipogusa lile rovu tu, udi ukakatika puu, kama mtu katoka na mlango kaufunga, na Pazi akahisi mshipa wa mkono wa mkewe unazama chini ya kidole chake, unazama, akaukamua mfuko wa hewa, akaukamua, na midomo ya Chausiku inageuka majivu, na hapo akaelewa kwamba mgeni kakimbia kisu, kamwachia mwenye mwili dawa ya wote wawili.

Bi Hidaya alikuwa kachuchumaa nje, chini ya dirisha.

"Mama!" Pazi akaita, mfuko hauachii. "Mwite arudi!"

"Nani, baba?"

"Mgeni wako! Kaacha dawa yake, inamuua Chausiku!"

"Nimwite mimi? Mimi niliyemfukuza miaka kumi?"

"Mwite, mama, mwanao anakufa mkononi mwangu!"

"Pazi, kelele gani hizo?" Daktari akafoka, mikono yake imejaa damu.

Nje, Bi Hidaya akapiga magoti mchangani, akavua mtandio. "Bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Rudi uchukue kilicho chako. Nyumba yako hiyo inabomolewa, najua. Usikae njiani. Shingo yangu hii hapa, nzima, haina kisu. Ingia, ukae mpaka siku watakayonizika."

Pazi akakamua, akakamua. Halafu mshipa ukagonga. Ukagonga tena.

Alasiri ile Chausiku alishatolewa mpira, shingo imefungwa bendeji nyeupe, kalala karibu na dirisha. Akafumbua macho.

"Mama," akaita kwa shida.

"Naam," ikaitika nje sauti nzito ya mzee wa kiume. "Naam, mwanangu."