Hana Homa, Lakini Hanyonyi

Siku ile Fundi cherehani alishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Mteja akacheka. Yeye hakucheka. Mwanawe wa siku nne alikuwa amelala tangu alfajiri, ziwa halitaki.

"Hana homa," alimwambia mkewe. "Watoto hulala."

"Si hivi, baba. Twende."

Walifika hospitali, kanda ya kupimia ingali shingoni mwa Fundi. Muuguzi alimchoma mtoto kisiginoni, akakinga damu. Mtoto hakulia. Daktari akaanzisha dawa ya sindano palepale.

Baadaye muuguzi alileta majibu. "Kipimo kiko chini."

"Kumbe mzima! Mke wangu, funga mizigo!"

"Kaa, Fundi. Mwili ukipigana na vijidudu, protini fulani huongezeka kwenye damu. Hiyo ndiyo tunayopima. Lakini haipandi mara moja, huchukua saa nyingi. Kesho tutapima tena."

"Tena? Mtoto mwenyewe damu yake kikombe kimoja!"

"Tunachukua matone tu."

"Na sindano za nini, kama hana kitu?"

"Kichanga huweza kuugua sana bila homa. Akigoma kunyonya, hatusubiri. Wewe humpima mteja kiuno tu, ukakata suti nzima?"

"Ataniita fundi wa magunia."

"Basi usinifanye nesi wa magunia."

Mkewe alicheka kidogo. Fundi akaketi, akasimama, akaketi tena. Alivingirisha kanda, akaikunjua. Aliomba dua macho wazi, maana aliogopa kuyaondoa kwa mtoto.

Kesho yake kipimo, kilichokuwa tano, kilikuwa sitini. Fundi alimshika mtoto mguu.

"Ningemtoa jana..."

"Hukumtoa," muuguzi alisema. "Na dawa ilishatangulia."

Siku mbili zikapita. Mtoto akaanza kunyonya. Alipochomwa tena kisiginoni, alipiga yowe wodi nzima ikageuka.

"Mkali kama baba yake!" muuguzi alisema. Kipimo kilishuka hadi kumi na nane.

"Asante, Mungu," Fundi alinong'ona.

"Nifunge mizigo?" mkewe akamchokoza.

"Thubutu! Mpaka dozi iishe na daktari aseme."

Wiki mbili baadaye, mama mmoja aliingia kibandani kwa Fundi kupimwa gauni. Mgongoni alibeba kichanga.

"Mpole huyu," alisema. "Tangu jana analala tu. Wala hana homa."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Ananyonya?"

Mama alitikisa kichwa. Fundi alikwisha kunyanyuka, akifunga mlango wa kibanda.

"Gauni litangoja, dada. Twende hospitali."