Nilivyoua Filamu ya Ester

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mkazi wa Nzuguni, hapa Dodoma. Nina watoto na wajukuu. Jirani zangu wananiita mama mwema. Laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na rafiki. Aliitwa Ester, mzaliwa wa Mpwapwa. Mimi ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani. Tulikutana kazini tukiwa wasichana, kwenye studio ndogo iliyotengeneza filamu za kuelimisha wakulima na wafugaji.

Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa, na video zimeingia mitaani. Lakini sisi bado tulitumia filamu ya mkanda, ile ya kusafirishwa nje ya nchi kusafishwa.

Ester alikuwa na kipaji cha ajabu. Alifinyanga ng'ombe wa udongo juu ya mifupa ya waya, kisha akawapa uhai! Alisogeza mguu wa ng'ombe kidogo tu, akapiga picha moja. Akasogeza tena, akapiga nyingine. Siku nzima ya kazi ilikuwa sekunde chache. Lakini picha hizo zikipita mfululizo kwenye kitambaa cheupe kijijini, ng'ombe anatembea! Wazee wa Kigogo waliinuka kwenda kumgusa.

Na mimi? Mimi nilitengeneza vibanda, miti na mazizi ya kuwaweka hao ng'ombe. Nilifunga taa. Nani alisifu miti yangu? Hakuna! Kila mgeni alisema, "Yuko wapi yule mwenye mikono?"

Nilicheka nao... Moyoni nilikuwa nawaka.

Kisha ikaja filamu kubwa, habari ya ndama anayeugua kwa kukosa kuogeshwa kwenye josho la dawa ya kupe. Ester aliifanya kwa miezi mitano. Mwishoni ndama aliyelala anainuka. Kipande hicho pekee kilimchukua wiki tatu, mgongo ukimuuma, akikataa hata chai isije ikamtetemesha mkono. Wafadhili walisema wakiipenda watampeleka mmoja wetu kusoma Ulaya. Sote tulijua ni nani.

Ester alifunga makopo ya filamu kwa mkono wake, akaandika jina lake juu. Mkuu wetu, Mzee Chilewa, akanikabidhi niyapeleke posta.

"Da Mwana, yashike kama mtoto mchanga," Ester aliniambia akitabasamu.

Sikwenda posta moja kwa moja. Nilipitia nyumbani. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Dodoma mnalijua wenyewe. Nilikaa uani, nikabandua utepe, nikafungua makopo yote... nikaikunjua ile mikanda juani!

Filamu ambayo haijasafishwa ikiona mwanga, imekufa. Nilijua. Nilikunja tena, nikabandika utepe vizuri, nikaenda posta. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Je, huo si unyama?

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Hakuna picha hata moja! Wasafishaji wa huko nje wakasema aliyefunga makopo alifanya uzembe. Ester alisimama mbele ya Mzee Chilewa, akitazama viganja vyake.

"Shikamoo Mzee... nisamehe. Sijui nilikosea wapi," alisema.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nimemshika bega!

Wakati huo wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa kila mahali. Jina la Ester likawa la kwanza. Akahamia Mkonze kwa dada yake. Nafasi ya masomo wafadhili hawakuifuta, na mimi ndiye niliyepelekwa Ulaya.

Mnadhani nilifaidi? Sanamu zangu zilitembea kama watu wanaosukumwa. Mwalimu alinivumilia tu. Niliporudi, studio ilikuwa imefungwa, kila mtu anataka video. Nikaishia kupiga picha za harusi.

Hata hapo wivu haukuniacha! Niliposikia Ester anafinyanga vyungu na watu wanavisifia, sikula vizuri siku hiyo.

Mwaka wa kumi nilisikia macho yake yanafifia. Sikuweza kuvumilia tena. Nilikwenda Mkonze. Nilimkuta kibarazani, akapapasa uso wangu, akacheka kwa furaha. "Da Mwana! Umenenepa!"

Nilipiga magoti, nikamwambia yote. Uani, jua, utepe. Yote...

Alipapasa viganja vyake. Nilingoja anitukane. Nilitamani anipige!

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu?" aliuliza taratibu.

"Haukuwa mkono wako, Ester."

"Miaka kumi sijagusa sanamu, Mwanaidi. Niliamini mkono wangu una mkosi..." Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Ondoka kwangu."

Alijifungia ndani. Hakunisamehe siku ile, wala baadaye.

Lakini wiki hiyo hiyo alimwita Neema, binti wa dada yake, wakaazima kamera ya video. Ester alifinyanga na kusogeza kwa kupapasa, Neema akawa macho yake. Ilikuwa filamu ya dakika moja tu, mtoto wa mbuzi akijifunza kusimama. Ilipoonyeshwa kanisani kwao, nilijipenyeza nyuma. Yule mbuzi alianguka, akatikisa masikio kwa aibu, akajaribu tena. Kanisa zima likapiga vigelegele!

Niseme ukweli? Hata pale, kabla ya machozi, kilichonijia kwanza ni wivu...

Ester alifariki miaka minne baadaye. Leo Neema na vijana aliowafundisha wanaishi kwa kazi hiyo, na wanamtaja Ester kila wanapohojiwa. Lakini ile filamu ya ndama, kazi yake kubwa kuliko zote, hakuna aliyewahi kuiona. Hata yeye mwenyewe aliyeitengeneza!

Ndugu zangu, nakuombeni. Ukiona mwenzako ana kipaji na moyo wako unawaka, mwambie uso kwa uso, "Nakuonea wivu." Utaona aibu siku moja, yataisha. Mimi nilinyamaza, nikaona aibu maisha yangu yote. Na kama umeshamtendea mtu ubaya akajilaumu mwenyewe, usingoje miaka kumi kama mimi. Nenda leo ukamwambie, hata kama atakufukuza.