Punje Ishirini na Nne

Mvua ya mawe ya mwaka 1994 iliharibu majani mengi ya chai kijijini Mogogosiek. Kwa kina Nelvine, vikapu vilirudi nyumbani karibu vitupu.

Nelvine alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Hivi karibuni angeenda mazoezi ya kufundisha, na viatu vyake vilikuwa vimechoka kabisa. Angesimamaje mbele ya watoto na vidole vikichungulia?

Siku moja Bwana Bogonko, msimamizi wa jiko la chuo, akamwita.

"Kuna kazi ya kuosha vyombo," alisema. "Alfajiri masaa mawili, jioni masaa matatu. Nipe jibu kesho."

Nelvine alifurahi mno. Akakimbilia kwa Mama Ayoo, mpishi, aliyekuwa akichambua maharagwe. Mama Ayoo alikuwa na mdomo mkali, lakini wanafunzi walimpenda.

"Nitakubali kazi ya kuosha vyombo!" Nelvine alisema.

"Mwalimu, umehesabu masaa yako?" Mama Ayoo alimtania.

"Ya nini? Nitajikaza tu."

"Kujikaza!" Mama Ayoo alicheka. Akahesabu punje ishirini na nne za maharagwe, akaziweka mezani. "Siku yako ndiyo hii. Toa za kulala."

Nelvine alitoa saba. Akatoa nane za darasani, tatu za kusoma peke yake, na tatu za kula, kuoga na kufua. Zikabaki tatu.

"Kazi inataka tano," Mama Ayoo alisema. "Mbili utaiba wapi?"

"Kwa usingizi."

"Mimi niliiba huko nikisomea ushonaji. Siku ya mtihani nikalala juu ya cherehani. Sikupata cheti, ndiyo maana unaniona hapa na mwiko."

Mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa mwaka wa kwanza alirudishwa nyumbani. Nelvine aliogopa.

"Basi nikatae?"

"Nani amesema ukatae? Omba masaa matatu ya jioni tu. Na wakati wa mtihani, upumzike. Mwambie Bwana Bogonko mapema, kabla hujaanza."

"Akikasirika?"

"Akikasirika utakuwa bado na vitabu vyako."

Kesho yake Nelvine alikwenda jikoni, akaomba masaa matatu ya jioni tu, na mapumziko wakati wa mtihani. Bwana Bogonko alikuna kidevu.

"Mshahara utapungua."

"Najua, Bwana."

"Haya. Anza Jumatatu."

Nelvine alinunua viatu. Mtihani ulipokuja, alipita vizuri.

Chuo kilipofungwa, Nelvine alirudi nyumbani, akamkuta baba yake, Jonah, amenuna.

"Nilikupeleka ukasome, si kuosha sufuria."

Nelvine hakubishana. Alileta maharagwe, akapanga siku yake mezani. Jonah alitazama, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mama yake, Tecla, akasogea. "Nipangie na yangu."

Mama akitaja, Nelvine akatoa tisa za kuchuma chai. Mbili za kubeba majani mpaka kituo cha kununulia chai. Tatu za maji na kuni, nne za kupika na kufua, mbili za kukamua ng'ombe.

Zilibaki nne.

"Hizi ni za nini?" Jonah aliuliza.

"Za kulala," Tecla alisema.

Jonah alishikwa na aibu. Kisha akachukua zile mbili za kukamua, akazivuta upande wake.

Alfajiri, Tecla alisikia ndoo ikigonga zizini. Alitaka kuamka. Akakumbuka zile punje mbili, akajifunika blanketi tena.