Bi Yakuti Hakupakwa Masizi

Shari ilianza kwa ukoko, yaani kwa kukosekana kwake. Muhidini, fundi cherehani, alirudi nyumbani adhuhuri, akanawa, akaketi mkekani, na mkewe Rukia akampakulia wali wa Kyela. Wali ulikuwa mweupe, umechambuka punje kwa punje, na chini ya sufuria hapakuwa na ukoko hata wa kumtupia kuku. Sasa, mtaa mzima wa Mwanjelwa ulijua kwamba Rukia hakuwahi kupika wali asiuunguze. Miaka saba ya ndoa Muhidini alikuwa amekula wali wenye harufu ya moshi, akinung'unika kila siku na kumaliza sahani kila siku. Siku hiyo hakunung'unika. Alilamba vidole akasema moyoni, "Leo Mungu ameniona." Mjinga yule!

Alikuwa na kazi mbili. Mchana alishona kanzu na kaptula barazani pa duka la Mhindi. Alfajiri, huku baridi ya Mbeya ikimng'ata vidole, aliandika hadithi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, na gazeti moja la Dar es Salaam lilikuwa likimchapia hadithi yake sehemu kwa sehemu. Basi la abiria lilipoleta magazeti, watu walikusanyika barazani na Asukile, muuza ndizi aliyesoma misheni, akawasomea kwa sauti.

Hadithi ilimhusu mwanamke aitwaye Bi Yakuti. Bi Yakuti alikuwa mzuri, na hilo si kosa. Lakini vilevile hakukasirika, hakuchoka, hakusahau. Mumewe alimpiga, naye akaubusu mkono uliompiga. Akamletea mke mwenza, naye akawatandikia kitanda. Hata alipolia, alilia bila kamasi. Wanaume wa barazani walitikisa vichwa kwa utamu.

"Ndaga, fundi," Asukile alishukuru kwa Kinyakyusa. "Huyu mwanamke yuko wapi, mimi nimpelekee baba yake ng'ombe?"

Mtu mmoja tu hakumpenda Bi Yakuti, naye ni Rukia. Kila sehemu alisomewa yeye kwanza, kabla haijapelekwa posta, huku akichambua maharage.

"Huyu mwanamke wako haendi chooni?" aliuliza siku moja.

"Ndiyo maneno gani hayo?"

"Nauliza tu. Hana chunusi, hana kikohozi, hana siku moja ameamka vibaya. Mtoto akizaliwa mzuri kupita kiasi, kwetu tunafanyaje? Si anapakwa masizi kwenye paji la uso? Aonekane ana doa, jicho la hasidi limruke, na vile visivyo na miili vinavyotafuta pa kukaa vipite njia yao. Sasa wewe umezaa mtu mzima, hana hata kovu, ukamwacha wazi hivyohivyo. Mpake masizi, Muhidini. Mpe hata pengo la jino."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe. Alfajiri nyingi alikuwa ameinua kalamu akahisi kwamba Bi Yakuti hapumui, kwamba amemng'arisha mpaka hakubaki mtu ndani. Lakini mtu akiguswa kwenye jipu hasemi ahsante.

"Wivu huo," alijibu. "Unamwonea wivu mwanamke wa karatasi kwa kuwa ana vyote usivyokuwa navyo."

Rukia aliacha maharage. Aliinuka akaenda jikoni. Kesho yake alfajiri Muhidini, bado ana hasira, akaandika jinsi Bi Yakuti alivyopika wali usioungua. Mchana wa siku hiyohiyo ndipo ukoko ulipokosekana.

Laiti angeishia hapo. Akaandika kwamba Bi Yakuti hutembea hata kuku asigutuke. Rukia alikuwa na viatu vya mbao, mitalawanda aliyoletewa na shangazi yake kutoka Lindi, na kishindo chake kiliwaamsha majirani kuliko jogoo. Tangu siku ile mitalawanda ikalala chini ya kitanda, na Rukia akawa anatokea tu: Muhidini akigeuka, yupo nyuma yake na kikombe cha chai. Akaandika kwamba Bi Yakuti hapandishi sauti. Nyumba ikawa kimya. Akaandika kwamba ngozi yake haina alama, na wala hakutazama mkono wa mkewe. Alikuwa akijisikia raha, na huo ndio uchungu wa kisa hiki. Alimwona mkewe akiyeyuka mbele ya macho yake, akadhani anatulia.

Aliyeshtuka ni jirani, Verediana, mjane wa Kihehe aliyetoka upande wa Iringa na kuolewa huku. Alimfuata Muhidini kwenye cherehani yake, akainama na kunong'ona kama mtu aliye msibani.

"Fundi, dada Rukia ana shida gani?"

"Hana shida. Mbona?"

"Leo nimempa kamwene yangu pale kisimani. Akaniitikia vizuri." Verediana alijifunika kanga mabegani. "Vizuri, mpaka mimi naogopa. Rukia haitikiagi hivyo. Anakutukana kwanza, halafu anakusaidia ndoo. Na ile harufu je? Asumini inatoka wapi na jalidi hii?"

Ni kweli. Julai, majani ya viazi yameungua kwa jalidi, ukungu umefunika mlima Loleza tangu juzi, na nyumba yake ilinukia asumini mbichi kama kitanda cha arusi. Muhidini alikuwa ameisikia harufu ile akajiambia ni sabuni. Sasa mguu wake ulisimama kwenye kanyagio, sindano ikabaki imezama katika kitambaa, naye akakumbuka kovu. Rukia alikuwa na kovu mkono wa kulia, la mafuta ya kukaangia sambusa, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alifunga cherehani jua lingali juu akaenda nyumbani.

Alimkuta ameketi jikoni mbele ya moto usiotoa moshi, mikono juu ya magoti, hafanyi lolote, kama kitu kilichowekwa pale kikasahauliwa, na Muhidini aliposema, "Nionyeshe mkono wako," alimpa palepale bila kuuliza kwa nini, na ule mkono ulikuwa laini toka kiwiko hadi kiganja, hauna kovu, hauna kinyweleo, hauna hata ile mistari ambayo Mungu humchorea kila mtu kiganjani, na ulikuwa baridi, si baridi ya Mbeya inayokaa juu ya ngozi bali baridi ya maji ya mtungini, na alipoinua macho kumtazama usoni aliona kwamba yale macho mazuri, ambayo yeye mwenyewe aliyasifu kwa ukurasa mzima, hayapepesi.

"Umechoka, bwana wangu," yule mwanamke alisema. "Nikutandikie?"

Na hapo, kutoka ndani ya kifua chake, chini ya sauti ile tamu, kilisikika kikohozi. Kikohozi kikavu cha moshi, cha Rukia. Kisha, kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima: "Muhidini. Nitoe. Sina pa kukaa humu."

Alikimbia mpaka chumbani, akazikusanya karatasi zote za Bi Yakuti akazitia motoni. Ziliungua, majivu yakapeperuka, na yule mwanamke akayafagia kwa upole mpaka sakafu ikang'aa. Kuchoma kungesaidia nini? Bi Yakuti alikuwa amekwisha kusomwa kutoka Mbeya hadi Tanga.

Bibi Mwanakhamisi, aliyejua mambo ya majini, alikaa nyuma ya msikiti. Alikuwa bibi mkorofi, mnusa ugoro, na watoto wachanga wa Waswahili wa Mbeya yeye ndiye aliyewaogesha na kuwapaka masizi. Alimsikiliza Muhidini mpaka mwisho, akapiga chafya.

"Kwa hiyo mkeo alikwambia, ukamwambia ana wivu."

"Ndiyo, bibi."

"Pumbavu kabisa. Tangulia."

Walifika baada ya alasiri. Verediana alikuwa amesimama mlangoni, rozari mkononi. Bibi alifukiza ubani, akamkalisha yule mwanamke kwenye kinu kilichopinduliwa, akamfunika kaniki. Alisoma aliyoyasoma, ubani ukatanda mpaka dari haionekani, na ndani ya kaniki kikaanza kicheko chembamba kisichokuwa na pumzi.

"Umeingiaje?" bibi aliuliza.

"Sikuvunja mlango," ilijibu sauti, na haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. "Nilijengewa. Nilikuta mwili wa mwanamke wa karatasi umekamilika, hauna mwenyewe. Nikakaa. Kisha fundi akawa ananichongea huyu mkewe afanane nao, kidogo kidogo, kila alfajiri. Mshukuruni fundi."

Bibi alimgeukia Muhidini. "Umesikia? Mtu anakaa ndani ya dosari zake. Wewe umeziziba zote, mkeo atashika wapi? Lete masizi ya sufuria lake. Utamtaja kasoro moja moja, nami nitampaka, mpaka apate pa kushika arudi. Lakini sikiliza vizuri. Useme za kweli tu, ulizoziona kwa macho yako. Usinitungie. Uongo hapa ni mlango."

Muhidini aligeuza masufuria yote ya Rukia. Yaling'aa kama shilingi mpya. Nyumba nzima haikuwa na masizi. Verediana alikimbia kwake akaleta chungu chake cha maharage, na bibi akakubali kwa kununa.

"Haya, sema."

"Huunguza wali."

Bibi alichovya kidole, akainua pembe ya kaniki akapaka paji la uso. Chini ya kaniki mwili ulitetemeka.

"Sema."

"Mitalawanda yake ina kelele. Ana ulimi mkali. Hukoroma. Ana kovu mkono wa kulia."

Kila neno na doa lake, na kila doa lilipokaa, harufu ya asumini ilipungua na kikohozi kikapanda juu, kikakaribia, kikawa kooni. Verediana alilia kwa furaha. "Anakuja! Mungu wangu, anakuja!"

"Endelea," bibi alisema.

Muhidini alifungua kinywa. Hakupata kitu.

"Endelea, mwanamume!"

"Basi, bibi. Ni hizo."

"Miaka saba, kasoro tano? Hizo ni zile zilizokukera wewe. Zake mwenyewe ziko wapi? Anaogopa nini? Anaficha nini? Hukasirishwa na nini wewe ukiwa hupo?"

Muhidini alijaribu. Wallahi alijaribu. Alimtafuta mkewe katika miaka yote saba, asubuhi zile za baridi, yeye ameinamia karatasi na nyuma yake mtu anapuliza moto, anakohoa, anasema jambo ambalo yeye hasikilizi kwa kuwa anamtafutia Bi Yakuti neno zuri, na kila alipogeuka katika kumbukumbu ile kumtazama mtu yule usoni aliona mgongo, kanga, moshi, na kikohozi kile kilikuwa kinaanza kurudi chini, kinazama, kinamwita, naye bibi anapiga kelele, "Sema! Anateleza! Sema!", na asumini inapanda tena.

"Anaogopa vyura!" Muhidini alipayuka.

Alikuwa ametunga. Mazoea yana taabu. Bibi, kidole tayari kimechovywa, alipaka. Kaniki ilipeperuka kidogo upande wa Muhidini, naye akaona pembe ya mdomo ikitabasamu.

Kisha mwili ukaanguka, ukakohoa, ukaketi. "Nani kanijazia moshi nyumbani kwangu?" alisema Rukia. "Mna wazimu nyote?" Verediana alimkumbatia, masizi yakawapaka wote wawili. Bibi Mwanakhamisi alichukua ugoro wake akaenda zake, na Muhidini alilia barazani mbele za watu, hana haya.

Aliacha kuandika. Wali uliungua siku iliyofuata, na ya pili yake, na mitalawanda ikapiga kelele, na usiku mtu alikoroma ubavuni pake. Alikuwa na furaha. Ikiwa aliona kwamba wali huungua kiasi kilekile kila siku, na mkoromo una urefu uleule, alijizuia kufikiri. Lile tabasamu nalo alijiambia lilikuwa moshi wa ubani.

Mvua za kwanza zilipofika alikuwa akishona, akasikia ukelele kutoka kisimani. Alikimbia. Rukia alikuwa amejibanza kwenye ukuta wa kisima, anatetemeka, na mbele yake chura mdogo, wa ukubwa wa kidole gumba, ameketi juu ya ndoo.

Verediana, aliyekuwa hapo akiteka maji, alimrusha chura kwa fimbo. Rukia alijitwika ndoo akaenda, mitalawanda ikilia ko, ko, ko. Verediana alimsindikiza kwa macho, na rangi ikamtoka usoni.

"Fundi," alinong'ona. "Rukia haogopi chura. Mwaka jana chura aliingia kwenye mtungi wangu, mimi nikapanda juu ya meza. Yeye alimtoa kwa mkono, akambusu, akacheka mpaka akakaa chini." Aliinua macho kuelekea mlimani. "Anachoogopa Rukia ni radi. Ikipiga, anakuja kwangu kulia. Kwako aliona haya. Hukujua?"

Muhidini hakujua. Nyuma ya Loleza radi ilinguruma, kubwa, mabati yakatetemeka, na kutoka nyumbani kwake hakukutoka sauti yoyote ya mtu kuogopa.

Aliingia ndani kwa kuwa hakuwa na kwingine kwa kwenda. Harufu ya wali ulioungua ilijaa chumba, na chini yake, kidogo tu, asumini. Mkewe aliweka sufuria mkekani, akakwangua ukoko mweusi akaupanga vizuri pembeni ya sahani. Kisha akaketi, mikono juu ya magoti, akamtazama bila kupepesa.

"Mume wangu," alisema, kwa sauti ya Rukia hasa. "Leo nimeunguza sawasawa?"

Muhidini akanawa mikono, akala.