Kijiko cha Chumvi Kitabuni

Kila Jumatatu Kiranja wa darasa la sita alifuta ubao, akafungua madirisha, kisha akaenda ofisini kuchukua madaftari ya wenzake. Jumatatu hii mwalimu wa sayansi alimkabidhi bila hata kuitikia shikamoo yake.

Wanafunzi walipokaa, mwalimu alisema, "Kwenye jaribio niliuliza: maji ya kumnywesha mtu anayeharisha hutiwa chumvi kiasi gani kwa lita moja? Wanafunzi kumi na tisa wameandika kijiko kikubwa kilichojaa. Kosa moja, watu kumi na tisa! Nani amewapa jibu?"

"Aliyebeba maswali ya jaribio kutoka ofisini ni Kiranja," sauti ilitoka nyuma. "Na yeye mwenyewe amepata."

Macho yote yakamgeukia. Mapumzikoni, kila alipokaribia kundi, mazungumzo yalikatika. Naye akaanza kumshuku kila mtu, hata Kinanda, rafiki yake aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuimba.

"Umeandika nini?" alimwuliza.

"Kijiko kikubwa."

"Umemwibia nani?"

"Mimi mwizi?" Machozi yakamlengalenga Kinanda. "Sikumwibia mtu! Nilifumba macho tu, nikakiona kile kijiko cha kwenye picha."

Kiranja aliduwaa, kisha akakimbilia kitabu cha sayansi. Maneno yalisema wazi: nusu kijiko cha chai. Lakini juu yake, kwa rangi za kupendeza, mama mmoja alishika kijiko cha kupakulia, chumvi imejaa hadi inamwagika.

Alikipeleka kitabu ofisini mbio. Mwalimu alisoma, akatazama, akavua miwani.

"Miaka minne nafundisha ukurasa huu, sijaitazama picha hii hata siku moja."

"Mwalimu, mimi niliitazama," Kiranja alisema polepole. "Wiki iliyopita mdogo wangu aliharisha, nikachota chumvi vilevile kama pichani. Bibi ndiye aliyenidaka mkono. Alisema chumvi nyingi hivyo ingemdhuru mtoto, nusu kijiko cha chai inatosha."

Mwalimu alirudi naye darasani.

"Wanangu, nimewashuku bure. Mniwie radhi, hasa wewe Kiranja." Akakichora ubaoni kijiko cha chai, chumvi nusu tu. "Picha huwahi kichwani kuliko maneno, na haitoki upesi. Ikiwa sahihi, hufundisha haraka. Ikiwa na kosa, hupotosha haraka vilevile. Basi isomeni picha kama mnavyosoma maneno. Vikigombana, ulizeni kabla hamjamnywesha mgonjwa."