Swali la Tisa

"Nimeshajiandikisha ile shule nyingine. Samahani, mwalimu."

Ujumbe ulimkuta Mapovu kando ya bwawa, akijaza mitungi ya hewa. Akausoma mara tatu, kisha akazima mashine ili aumie kwa utulivu.

Miezi miwili alikuwa akimbembeleza yule dada, fundi wa kuchomelea vyuma, aje kusomea uzamiaji kwenye shule anayofundisha. Dada alitaka cheti cha kazi, achomelee nguzo za madaraja chini ya maji. Mapovu alimpelekea vipeperushi na ratiba, akamtetea hata kwa mama yake, maana bi mkubwa aliposikia bintiye anasomea kuzamia alidhani anafundishwa kujificha kwenye meli. Neno moja tu hakulisema, lile lenyewe. Mwanamume mzima anashuka mita arobaini bila woga, lakini "nakupenda" inamshinda kutamka.

Akaenda moja kwa moja hadi karakanani kwa dada, kandambili bado zinachuruzika maji.

— Wale wana nini ambacho sisi hatuna?

— Hawana kitu. Shule yenu ndiyo bora.

— Sasa mbona umetukimbia? Au kuna mwalimu kule amekupendeza?

Dada akavua kinyago cha kuchomelea. Jasho lilimtiririka, na alikuwa akijizuia kucheka. Akaeleza kwamba Jumatatu alifika shuleni kwa kina Mapovu, akajaza fomu yote, na katibu akamrudishia.

— Kisa?

— Swali la tisa.

Fomu ile Mapovu aliijua nje ndani. Swali la tisa linauliza kama mwombaji ana uhusiano na mwalimu, kwa kuwa hairuhusiwi mwalimu kumtahini ndugu, mke wala mchumba wake. Na mwalimu wa kozi ile alikuwa yeye peke yake.

— Uliandika nini?

— Mchumba.

— Lakini mimi sijakuambia chochote.

— Najua. Ningekusubiri ningeota mvi. Katibu naye aliniuliza kama mwenyewe unajua, nikamwambia wewe utakuwa wa mwisho.

Mapovu akajikalisha kwenye rundo la nondo. Furaha ilimjaa hata akasahau kupumua, yeye anayelipwa kuwafundisha watu kupumua.

— Ungeandika "hapana" tu, ungeingia.

— Ningeingia, halafu kila siku nikuite mwalimu. Shule ziko mbili, bwana. Wewe uko mmoja.

— Nakupenda, akasema Mapovu. Mafundi wawili wakaacha kukata bati wasikilize vizuri.

Jumatatu iliyofuata alimsindikiza mwenyewe hadi kwa wapinzani wake, amembebea begi. Mwandikishaji alikuwa na fomu ya dada, imebaki nafasi ya mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura, akamtazama Mapovu, akauliza huyu ni nani wake. Dada akakaa kimya makusudi.

— Mimi ni mchumba wake, akasema Mapovu. Andika.