Maneno ya Mwisho ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na minne, mjane, muuza nyanya hapa Nyamasaria. Wasomaji wenzangu, msinihukumu kabla sijamaliza...

Mume wangu Okelo alikuwa mchuuzi wa samaki Asembo Bay. Mwaka wa tisini na mbili akaanza kukonda. Wiki moja kabla ya kufa alinishika mkono, tukiwa wawili tu, akasema daktari amempata na ule ugonjwa mpya, UKIMWI. Akanisihi nikatae kurithiwa na mdogo wake, Ouma. Niliyasikia kwa masikio yangu!

Baada ya mazishi, maneno yakaanza kugongana. Redio ilisema tupimwe. Mhubiri akasema maombi yanatosha. Mama mkwe akaapa kwamba mwanawe aliuawa na chira, laana ya kuvunja mwiko, na kwamba mwanawe alimwachia yeye usia tofauti kabisa.

"Nyar Maseno," aliniambia, maana nilizaliwa Maseno, "hizo siku ulikuwa umechoka sana, ulisikia mbaya. Okelo alisema Ouma akuchunge."

Alirudia jikoni, akarudia shambani. Nilibisha, kisha nikachoka kubisha. Na hili ndilo linanitisha hadi leo... mwezi wa tatu baada ya mazishi nilianza kumsikia Okelo mwenyewe akiyasema hayo, kwa sauti yake, na kikohozi chake! Je, huo ni wazimu?

Wazee wa ukoo walipokutana, Ouma alikuwa anaogopa. Alikuwa na mke na watoto.

"Shemeji, hii maneno ya redio inanisumbua," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa na yeye. Alisema nini?"

"Alisema unichunge," nikajibu bila kusita. Sikudanganya, niliamini! Ouma akashusha pumzi, akakubali kunirithi.

Miaka miwili baadaye akaanza kukonda. Tukaenda kupimwa, na sote tulikuwa nao. Muuguzi akafungua faili ya Okelo, akaniuliza kwa mshangao, "Mama, kwani mzee hakukuambia? Aliahidi kuwa atakuambia."

Ndipo nikakumbuka. Aliniambia! Niliyaacha maneno yake yakafutwa hivi hivi...

Ouma alifariki, na mkewe akamfuata. Mama mkwe sasa anasema hakuwahi kutaja usia wowote, na naona anasema kwa moyo safi.

Ndugu zangu, mgonjwa wenu akiwaambia neno zito, mwiteni mtu wa pili alisikie siku hiyo hiyo. Na mkapimwe kabla ya kukaa na wazee! Msiitegemee kumbukumbu iliyokwisha kuchoshwa na kelele za watu.

Wengi walisema mengi pale bomani, lakini Ouma aliniuliza mimi, na ni mimi aliyeniamini.